Kilomita Kumi na Mbili za Jumatano

Maneno haya niliwaambia wanachama wa kilabu chetu cha baiskeli cha Jumamosi, Kigamboni, Dar es Salaam, chini ya mwembe, tukiwa tumerudi kutoka Kimbiji. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimevipunguza, na hesabu ambazo siku ile nilizichora mchangani kwa kijiti nimeziweka sawa.

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za miguu?

Mwenyekiti amenipa dakika 20, na kumi kati ya hizo amezimaliza mwenyewe kwa kunitambulisha, kwa hiyo sitazunguka. Nimeitwa kujibu swali. Wiki mbili zilizopita, pale kwa muuza madafu, kaka mmoja aliniuliza mbele yenu: "Mwalimu, Jumamosi unakwenda na sisi kilomita 60 na ushee, unashuka unacheka. Nikikupigia Jumatano jioni unasema umekufa, na hapo umeendesha 12 tu kurudi nyumbani. Huo ni uvivu au ni uongo?"

Mlicheka sana. Nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani nikaona swali bado linanifuata, kwa sababu sikuwa na jibu. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na mwalimu wa fizikia asiyejua kwa nini amechoka ni sawa na fundi seremala anayekalia ndoo.

Kwa wageni: nakaa Mbagala Rangi Tatu, shule iko Upanga. Barabara ya Kilwa ndiyo njia yangu, kwenda kilomita 12, kurudi 12, Jumatatu mpaka Ijumaa. Na hapa kaka yangu nikudai kwanza haki yangu. Zidisha: ni kilomita 120 kwa wiki. Wewe unanihesabia Jumatano peke yake kana kwamba Jumatatu na Jumanne niliendeshewa na mtu. Safari yetu ya Jumamosi ni nusu ya kazi ninayoifanya bila kupigiwa makofi.

Lakini hilo halimalizi swali. Hata Jumatatu, miguu ikiwa imepumzika Jumapili nzima, bado zile 12 zinaniuma kuliko 12 za kwanza za kwenda Kimbiji. Nikajiambia ni baiskeli. Mnajua ninazo mbili: hii ya giya niliyoinunua mtumbani, ambayo ninyi mnaiona imeng'arishwa, na Phoenix langu la kazini, chuma kitupu karibu kilo 20, giya moja, breki za fimbo, keria unayoweza kumpandisha mbuzi. Basi kwa wiki mbili nikaenda kazini na hii ya giya. Kwa kweli ilikuwa nyepesi zaidi. Ila uchovu ule wa Jumatano ulikuwapo palepale, umebadilisha shati tu. Nikajua kuna kitu kingine.

Nikaanza na kusimama.

Siku moja nilitia punje 40 za mahindi kwenye mfuko wa kulia wa suruali. Kila mguu ulipogusa ardhi, iwe ni taa, iwe ni trafiki, iwe ni daladala iliyokata mbele yangu kuwahi abiria, nilihamisha punje moja mfuko wa kushoto. Nilipofika shule nilimwaga punje mezani kwenye chumba cha walimu, nikahesabu mbele ya mwalimu wa Kiswahili aliyedhani nimeanza uganga. Zilikuwa 26. Jumamosi iliyofuata nilikuja na punje zilezile hapa kwetu. Kutoka hapa mpaka Kimbiji na kurudi zilihama 4, na mbili kati ya hizo zilikuwa za madafu.

Sasa niangalieni hapa mchangani. Mimi, baiskeli na mkoba, tuseme ni kilo 100. Nikiwa katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa nimebeba nishati ya jouli 1,500 hivi, na hizo nimezilipa kwa miguu yangu, hakuna aliyenikopesha. Nikibana breki zinaondoka zote. Zinakuwa joto kwenye raba za breki, na joto hilo hata chai halichemshi. Taa ikiwaka kijani nazilipa upya. Jouli hizo hizo, ningekuwa natiririka kwenye lami tambarare bila upepo, zingenisogeza mita 90 hivi. Kwa hiyo kila nikisimama ni kama mtu ameichukua barabara akaivuta, akaongeza mita 90. Mara 26 ni mita 2,340. Zile kilomita 12 zangu zimekuwa 14 na zaidi, na hapo bado sijaweka upepo wala mzigo.

Na kuanza hakufanani na kuendelea. Ukiwa umeshika mwendo, miguu inazunguka, damu inazunguka, pumzi imetulia. Kuanza kutoka sifuri na giya moja ni kusimama juu ya pedeli na kukandamiza kwa uzito wote, goti linalia, mkoba unayumba. Unafanya hivyo mara 26 kabla ya chai. Tunaosema "ni kilomita chache tu" tunapima umbali, wakati kinachotuumiza ni idadi ya kuanza upya.

Wenzetu wa Copenhagen, Denmark, jambo hili walilielewa wakalifanyia kazi. Kwenye barabara yao ya Nørrebrogade, taa za asubuhi zimepangwa zifuate mwendo wa baiskeli: ukienda kilomita 20 kwa saa kuelekea mjini unakutana na kijani, halafu kijani, halafu kijani. Miguu yao si tofauti na yetu, ila wao hawalipishwi jouli zilezile mara mbili. Sisi taa zetu zimepangiwa magari, na pale penye trafiki hata hiyo taa haina kauli. Anayepanga ni mkono wake na simu ya upepo.

Kidogo nilichojifunza ni kuacha kupiga pedeli mapema. Nikiona foleni kwa mbali naserereka, nafika taratibu, mara nyingine foleni inafunguka kabla sijagusa ardhi. Punje zilishuka mpaka 17. Vijana, mnaokimbilia taa nyekundu kwa kasi ili mkabane breki kwa mbwembwe, hizo ni jouli zenu, sina ugomvi nanyi.

Upepo, nao. Sasa tuko mwezi wa saba, upepo wa kusi umekolea. Mnakumbuka leo asubuhi tulivyokwenda? Tulitoka hapa alfajiri kabla upepo haujaamka vizuri, tukaelekea Kimbiji, yaani tukaupinga tukiwa wabichi. Tuliporudi ulikuwa umeshika nguvu, ukatusukuma mgongoni, kila mtu akajiona bingwa. Hilo halikuwa bahati. Mwenyekiti anapanga hivyo, na anapanga kwa sababu anaweza. Saa ni yake na upande wa kwenda ni wake.

Mimi Mbagala iko kusini, shule iko kaskazini. Asubuhi, wakati upepo ungenisukuma kwenda kazini, unakuwa umelala. Alasiri ninapotoka ndipo unapokuja na nguvu zake zote kutoka baharini, nami nageuza baiskeli na kuutazama usoni. Sina namna ya kumwambia mkuu wa shule kwamba msimu wa kusi nihamishiwe shule ya Mkuranga, kusini ya Mbagala.

Nao si upepo wa mzaha. Hewa inakuzuia kwa mraba wa mwendo: ukienda kasi mara mbili, inakuzuia mara nne. Nikiwa naenda kilomita 18 kwa saa bila upepo natoa wati 75 hivi, kazi ya mtu anayeweza kupiga soga huku anaendesha. Ukija upepo wa kilomita 15 kwa saa usoni, nikitaka kubaki kwenye 18 ileile lazima nitoe zaidi ya mara mbili ya hapo. Nikikataa, nikabaki na wati zangu 75, mwendo unashuka mpaka kama 11. Hapo sasa kuna mzee anatembea kwa miguu pembeni, tunasalimiana, tunaagana, tunasalimiana tena.

Kaskazi ukivuma, kuanzia Desemba, upepo wa jioni unanirudisha nyumbani vizuri. Ila mnajua joto la Januari la Dar, kwa hiyo hata zawadi hiyo inakuja na bili yake.

Halafu ninyi. Ndiyo, ninyi mliokaa hapa. Jumamosi tunakwenda watu 15 kwa msururu, na wengi wenu, sitaji jina, mnajificha nyuma ya mgongo wa kaka yetu yule mwenye mabega ya mlango. Anayekwenda nyuma ya mwenzake kwa ukaribu, katika mwendo wetu huu wa kilabu, anapunguziwa kazi, pengine kwa robo. Waliotazama mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, yale ya kwanza kufanyika Afrika, waliona: wanaume wenye mapafu ya farasi wanang'ang'ania mgongo wa mwenzao kwa saa nyingi, na Pogačar, bingwa yule wa Slovenia, alipowaacha akaenda peke yake tukashika vichwa. Tulishika vichwa kwa sababu kwenda peke yako ndiyo kazi ngumu. Sasa mimi naenda peke yangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Nyuma ya nani nitajificha, lori la mchanga?

Kuhusu matairi nitapita haraka. Tairi isiyo na upepo wa kutosha inakunyonya kimya kimya. Ijumaa jioni nyote mnabonyeza tairi kwa kidole gumba, mnapaka cheni mafuta, mnafuta rimu. Nani hapa anafanya hivyo Jumapili usiku kwa ajili ya Jumatatu? Baiskeli ya kazini tunaikumbuka siku ya pancha.

Nataka nikae zaidi kwenye mstari mwekundu.

Shuleni kwetu kuna kitabu cha mahudhurio, kiko mezani kwa makamu. Saa moja na robo anachukua kalamu nyekundu na rula, anapiga mstari chini ya jina la mwisho. Ukisaini juu ya mstari wewe ni mwalimu. Ukisaini chini ya mstari wewe ni maelezo. Walimu mliopo mnacheka kwa sababu mnaujua. Mstari ule upo kwenye baiskeli yangu kuanzia ninapofungua geti la nyumbani. Naendesha nao mbele ya hendeli. Kila taa nyekundu ya barabarani naiona kama kalamu ya makamu imeanza kutembea.

Kwa hiyo nakimbiza. Na kukimbiza ndiko kunakoniua, kwa sababu ya ule mraba. Nilipiga hesabu ya njia yangu. Nikienda kilomita 22 kwa saa, muda wa kupiga pedeli ukiondoa kusimama, natumia dakika 33 na natoa wati 115 hivi. Nikienda 18, natumia dakika 40 na natoa wati 75. Dakika 7. Yaani kwa ajili ya dakika 7 nilikuwa nalipa theluthi nzima ya nguvu zangu, kila asubuhi, kwa miaka. Dakika 7 ndizo nilizokuwa nazitumia kitandani nikitazama dari nikisema "nitakimbiza".

Jumamosi hakuna mstari. Tukichelewa Kimbiji, Kimbiji haiendi popote. Mtu akichoka tunasimama, na hakuna anayesaini. Ukitaka kukaza unakaza kwa sababu umependa, umemwona fulani mbele ukasema leo huyu simwachi. Mapafu yanawaka vilevile, pengine zaidi. Ila ukiamua mwenyewe kujiumiza, maumivu unayaita mazoezi. Ukiumizwa na saa ya mtu mwingine, unayaita maumivu. Sijui kama kuna kipimo cha fizikia cha hilo, lakini mapajani nimelipima.

Jasho sasa, na hapa naomba dada zetu wanivumilie. Mwili unapopiga pedeli, kama robo tu ya nishati ndiyo inayofika kwenye pedeli. Robo tatu inakuwa joto. Hizo wati 75 zangu za mwendo wa pole maana yake nina wati zaidi ya 200 za joto tumboni, kama kumeza balbu mbili za wati 100 zikiwa zinawaka. Wakati unaendesha, upepo wa mwendo wako unakausha jasho, unajiona mkavu, unajisifu. Unafika, unasimama, upepo unakatika, lakini balbu hazijazimika. Ndani ya dakika tano shati limegandamana na mgongo. Na hewa ya kwetu pwani imeshiba maji, jasho halina pa kwenda.

Ninyi mkifika Kimbiji mnavua fulana mnaingia baharini. Mimi nikifika naingia choo cha walimu na ndoo nusu na kopo. Nasimama kwa mguu mmoja nikivaa soksi, mwingine anagonga mlango anauliza, "Mwalimu, bado?" Nikitoka, kola imekaa upande, na kipindi cha kwanza ni Kidato cha Pili, wasioona kitu kingine duniani ila kola ya mwalimu. Huo nao ni umbali. Siku zote nilikuwa nahesabu safari inaishia getini, kumbe inaishia pale ninapofunga kifungo cha mwisho.

Mwaka juzi, wakati wa masika, nilibeba madaftari ya Kidato cha Pili B, 45, niliyoyasahihisha mpaka saa sita usiku. Daftari kubwa moja zito kiasi, 45 ni karibu kilo 11. Niliyafunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, nikayafunika nailoni. Karibu na Bendera Tatu maji yalikuwa yamefunika barabara, huwezi kujua lami inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi. Bodaboda akatokea upande wangu, kinyume, nikampisha. Gurudumu la mbele likaujua mtaro kabla yangu.

Sikuumia, goti tu. Nilisimama ndani ya maji ya magotini nikiyaokota madaftari yanayoelea, moja moja, kama mtu anayevuna mwani. Wino mwekundu wa masahihisho ulikuwa umetoka unatembea juu ya maji. Muuza karanga aliweka beseni lake chini akaja kunisaidia, akafungua daftari moja, akasoma, akaniambia, "Huyu mtoto umemwonea, jibu lake ni sahihi." Nilisaini chini ya mstari siku hiyo.

Nawaambia hili kwa sababu kuanzia siku ile, kila nikifika pale, hata kukiwa kukavu, mikono inabana hendeli yenyewe. Nimewahi kujichunguza: mabega yanapanda karibu na masikio, meno yamekutana. Huo ni msuli unaofanya kazi na hausukumi baiskeli hata sentimita. Njia ya kazini imejaa sehemu kama hizo. Hapa daladala huwa inarudi nyuma bila kutazama, hapa njia ya pembeni imeisha ghafla kwenye meza ya machungwa, hapa mlango wa gari hufunguka. Nakwenda nimekunja mwili mzima kwa dakika 40. Barabara ya Kimbiji, ukishapita Kibada na mbele kidogo, unasikia matairi yako na kunguru.

Na jinsi watu wanavyokuona. Jumamosi na kofia ngumu, miwani, nguo za kubana, watoto wanatupungia, madereva wanatupisha wanadhani tuna mashindano. Jumatano na shati la mikono mirefu na mkoba kwenye keria, mwili uleule, dereva anapiga honi na kusema toa mkweche wako. Wanafunzi wangu wamenipa jina, silisemi. Baiskeli ya mchezo inaonekana ni afya, baiskeli ya kazini inaonekana ni shida. Na ukiambiwa kila siku kwamba una shida, mlima wa Mtoni unaongezeka urefu.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza leo, kwa sababu ndilo linalomjibu kaka yangu moja kwa moja kuhusu ile jioni.

Mwaka 2009, Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walichapisha jaribio. Walichukua watu 16. Kila mtu alikuja mara mbili. Mara moja aliwekwa mbele ya kompyuta dakika 90 afanye kazi ya kukaza akili: herufi zinapita, uwe macho, ubonyeze kitufe sahihi, usikosee. Mara nyingine dakika 90 hizo alitazama filamu za kawaida zisizosisimua. Baada ya hapo akapandishwa baiskeli ya ndani, akapiga pedeli kwa nguvu ileile mpaka ashindwe. Aliyetoka kutazama filamu alidumu wastani wa sekunde 754. Aliyetoka kukaza akili, sekunde 640. Karibu dakika mbili zimepotea, na hajabeba hata kijiko.

Wakatafuta zimepotelea wapi. Moyo na misuli havikuonyesha hitilafu ya kueleza tofauti ile. Kilichobadilika ni jinsi mtu alivyoiona kazi: tangu mwanzo aliihisi ni nzito zaidi, kwa hiyo akafika mapema pale ambapo mtu husema basi. Miguu ilikuwa bado inaweza. Akili ndiyo iliyokuwa imeshatumika.

Niliposoma hayo niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu. Dakika 90 za herufi kwenye kompyuta! Mimi natoka kwenye vipindi sita, darasa la watoto 60 na zaidi, wewe uwe macho, usikosee, nani anaongea nyuma, kwa nini taa za maabara hazifanyi kazi, mzazi yuko nje anataka kukuona, kikao saa nane. Ndipo nachukua baiskeli, naugeukia upepo wa kusi, na barabara inanidai niwe macho tena. Nikifika nyumbani ukanipigia simu nikakwambia nimekufa, kaka yangu, sikudanganyi. Hizo 12 za jioni nilizianza nikiwa nimeshafika mwisho.

Ndiyo maana siku hizi nikitoka darasani siondoki palepale. Nakaa chini ya mti wa shule robo saa, sisahihishi, sisomi simu, nakula karanga. Wenzangu wanadhani nasubiri lifti. Asubuhi natoka dakika 10 mapema, naenda pole, mashati nayaacha shule tangu Jumatatu, matano, kwenye kabati la maabara karibu na mizani. Madaftari nimegawa kwa mafungu, 15 kwa siku. Kusimama kumebaki, upepo umebaki, honi zimebaki. Jumatano bado ni ndefu kuliko Jumamosi. Sitegemei ziwe sawa, kwa kuwa Jumamosi mna mgongo wa kaka yetu na mimi Jumatano sina.

Aliyeuliza swali namwona pale anatazama chini. Asiwe na wasiwasi, simdai. Ila Jumatano ijayo namkaribisha Rangi Tatu, saa kumi na mbili asubuhi, aje na punje 40 za mahindi, na chakula cha usiku atakula kwangu kama ataweza kushika kijiko.

Naona majani ya mwembe yameanza kulala upande mmoja. Upepo huo umeshafika, na mimi bado nina daraja na barabara mpaka nyumbani. Nani anaelekea Mbagala? Mwenye mabega, tafadhali, tangulia.